Kuingiza Programu za Hisabati Chuo Kizima: Mwongozo kwa Idara, Wahadhiri na Wakufunzi

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mkuu wa idara, mhadhiri au afisa TEHAMA aliyekabidhiwa kazi ya kuhakikisha kwamba wanafunzi wa chuo chake wanatumia programu za kompyuta katika kujifunza hisabati na katika kazi za muhula, na kwamba jambo hilo halibaki kwenye darasa la mhadhiri mmoja mwenye hamu, ambaye akienda masomoni kila kitu kinasimama. Nimeuandika nikiwa na vyuo vya umma vya kwetu akilini: madarasa makubwa, maabara chache, umeme usiotabirika na bajeti inayofungwa Juni.

Ipo hoja moja ambayo hatua zote zinaitegemea. Programu haiingii chuoni siku inaponunuliwa. Inaingia siku mwanafunzi anapopewa swali lenye alama ambalo hawezi kulifanya vizuri bila kuitumia, na palipo na mtu wa kumsaidia anapokwama. Chuo kimoja nilichowahi kufundisha kilinunua leseni ya programu ya gharama kubwa, ikasakinishwa katika maabara mbili, ikazinduliwa kwa hotuba. Hakuna kozi iliyobadilishwa hata swali moja. Muhula uliofuata mashine zile zilikuwa za kuchapia barua na kuangalizia matokeo, na leseni ilipokwisha muda hakuna aliyetambua, mpaka mwanafunzi mmoja wa uzamili aliposhindwa kufungua mafaili ya tasnifu yake wiki tatu kabla ya kuiwasilisha. Nilikaa naye siku mbili tukihamisha kazi yake mstari kwa mstari kwenda kwenye programu huria, yaani isiyolipiwa leseni, na tangu hapo kila ninapoulizwa chuo kinunue nini, hujibu kwanza kwa kuuliza kozi zipi zitabadilika.

Hatua ya 1: Orodhesha kozi kabla ya kuorodhesha programu

Chukua miongozo ya kozi za chuo kizima, usiishie kwenye idara ya hisabati pekee. Hisabati hufundishwa kwa wahandisi, wanafizikia, wachumi, wataalamu wa kilimo, wapima ardhi na walimu watarajiwa, na mara nyingi hao ndio wengi kuliko wanafunzi wa shahada ya hisabati yenyewe. Kwa kila kozi andika mambo matatu: ni hesabu gani mwanafunzi anaifanya kwa mkono hadi inamchosha kabla hajafika kwenye wazo lenyewe, ni wazo gani lingeeleweka upesi kama angeona grafu au angejaribu tarakimu nyingi, na je, mhadhiri wa kozi hiyo yuko tayari kubadilisha swali moja la kazi ya muhula. Jambo la tatu ndilo litakalokuambia uanzie wapi.

Orodha ikikamilika utaona kwamba mahitaji yanaangukia katika mafungu manne. Lipo fungu la hesabu za tarakimu: matriksi, milinganyo inayotatuliwa kwa makadirio, uigaji wa mifumo ya kihandisi. Hapa ndipo MATLAB, programu ya kulipia, ilipojengea jina tangu kampuni yake ilipoanzishwa mwaka 1984, na hapa ndipo GNU Octave, programu huria ambayo lugha yake inafanana mno na ya MATLAB, inaposimama badala yake. Lipo fungu la hesabu za alama, yaani kompyuta kurahisisha, kupanua na kutafuta intigrali kwa herufi kama tufanyavyo ubaoni. Maple na Mathematica ni za kulipia, na Maxima ni huria. Lipo fungu la takwimu, ambako R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, haina gharama yoyote na inatumiwa na watafiti duniani kote. Na lipo fungu la jiometri na grafu za kuchezea kwa kidole, ambako GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001 akiwa Salzburg, inafaa zaidi kwa walimu watarajiwa, kwa sababu inafanya kazi kwenye simu na wataweza kuipeleka hadi shule watakayopangiwa.

Lugha ya Python pamoja na maktaba zake za hisabati hugusa karibu mafungu yote, na vyuo vingi sasa vinaelekea huko. Sipingi. Naomba tu kwamba idara inayoichagua ikumbuke kuwa mwanafunzi atajifunza kuandika programu na hisabati kwa wakati mmoja, na ratiba imwachie nafasi ya mambo yote mawili.

Hatua ya 2: Chagua chache, na uchague kwa kumtazama mhitimu

Chuo kisiwe na programu zaidi ya tatu au nne zinazoungwa mkono rasmi. Mwanafunzi anayekutana na programu mpya kila muhula hujifunza kubofya tu, hana hata moja anayoimudu, na mkufunzi anayesimamia maabara hawezi kuwa fundi wa nane kwa pamoja.

Katika kuchagua, bei ya leseni ni sehemu ya hesabu tu. Leseni nyingi za chuo kizima hulipiwa kila mwaka kwa fedha za kigeni, na mwaka ambao fedha haikutoka, kila kazi iliyojengwa juu ya programu hiyo husimama. Zaidi ya hapo, mhitimu anaporudi wilayani kufundisha au kufanya kazi katika ofisi ndogo ya uhandisi, leseni ya chuo haimfuati. Kwa sababu hizo msimamo wangu ni kwamba programu huria ziwe ndiyo kawaida ya chuo, na ya kulipia inunuliwe pale tu ambapo idara imeonyesha kwa mfano wa kozi halisi kwamba huria haitoshi. Mifano hiyo ipo na isidharauliwe: wahandisi wa umeme wanaotumia Simulink, programu inayoambatana na MATLAB, kuiga mifumo ya udhibiti kwa michoro ya visanduku hawatapata kitu kama hicho ndani ya Octave. Waonyeshwe kwanza Scilab na sehemu yake iitwayo Xcos, na kama haikidhi, wanunuliwe leseni chache kwa maabara yao, si kwa chuo kizima.

Ikiwa baadhi ya idara zina MATLAB na nyingine Octave, weka kanuni kwamba kila faili la kozi za pamoja liandikwe kwa namna inayokubalika katika zote mbili. Hilo linawezekana kwa sehemu kubwa ya kozi za mwaka wa kwanza na wa pili. Kubwa ni kuepuka baadhi ya vifupisho ambavyo Octave inavikubali na MATLAB inavikataa, kama vile alama ya kuongeza iliyorudiwa mara mbili.

Kuhusu manunuzi niseme kwa kifupi. Kwa vyuo vya umma vya Tanzania mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na manunuzi hupitia mfumo wa NeST, kwa hiyo mahitaji yanayoandikwa Septemba, wanafunzi wakiwa njiani kuja, yamechelewa. Yaandikwe wakati wa kuandaa bajeti, pamoja na gharama ya mafunzo, na tarehe ya leseni kuisha iwekwe kwenye kalenda ya mtu mwenye jina na cheo.

Hatua ya 3: Andaa mashine, mtandao na njia ya kuishi bila mtandao

Sakinisha toleo moja la programu kwenye mashine zote za maabara na usilibadilishe katikati ya muhula, hata kama jipya limetoka. Mhadhiri akiandaa zoezi kwa toleo moja na wanafunzi wakawa na jingine, dakika kumi za mwanzo zitaishia kwenye kutafuta kwa nini dirisha la kwake halifanani na la kwao.

Faili la kusakinishia Octave au R kwenye Windows ni kubwa mno kwa mwanafunzi anayenunua bando la siku. Lipakue mara moja, liweke kwenye seva ya ndani ya chuo ambako atalichukua kupitia Wi-Fi ya chuo bila kugusa bando lake, na nakala nyingine iwe kwenye flashi kumi zilizo kwa mtunza maabara. Jaribu kusakinisha mwenyewe ukiwa umezima intaneti kabisa. Zipo programu zinazodai kuwa kamili, kumbe katikati ya safari huenda mtandaoni kuchukua vipande, na hilo ni bora ulijue wewe kabla ya wanafunzi 60.

Kwa wasio na kompyuta mpakato, seva moja yenye JupyterHub huwawezesha kufanya kazi kupitia kivinjari, hata katika mashine za zamani za maktaba. Kadiria ukubwa wake kwa kuzidisha idadi ya watakaokuwa kazini kwa wakati mmoja kwa kumbukumbu anayoruhusiwa kila mmoja: wanafunzi 40 kwa nusu gigabaiti ni gigabaiti 20, bado hujaipa mashine yenyewe sehemu yake. Seva hiyo iwe na betri ya dharura inayoiwezesha kujizima taratibu umeme unapokatika. Mwanafunzi aliyepoteza kazi ya saa mbili kwa sababu ya umeme harudi kwa moyo uleule.

Hatua ya 4: Wafundishe wahadhiri na wakufunzi kwanza, na kwa heshima

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua. Mhadhiri aliyefundisha kalkulasi kwa chaki miaka 20 hana tatizo la hisabati. Tatizo lake ni kusimama mbele ya vijana ambao wengine wanaifahamu kompyuta kuliko yeye, na kuogopa kukwama mbele yao. Ukimwita kwenye warsha kubwa ya siku tatu pamoja na wakufunzi wake wasaidizi, atakuja siku ya ufunguzi, atasaini mahudhurio, hutamwona tena.

Kilichofanya kazi kwangu ni vikao vya saa mbili, watu wanne au watano wa rika moja kitaaluma, mlango ukiwa umefungwa, na kila mmoja akija na swali moja kutoka kwenye kozi yake mwenyewe. Tusianze na menyu za programu. Tuanze na swali lile. Nakumbuka mwalimu mmoja mwandamizi wa kalkulasi aliyekuja na mashaka, akaandika kwenye Maxima intigrali ya x kwa kipeo n. Programu haikumpa jibu. Ilimuuliza kama n ni sawa na -1. Akaegemea kiti, akacheka, akasema, "Hili ndilo swali ninalowauliza wanafunzi kila mwaka na hawanijibu." Alipojibu kwamba siyo, akapewa x kwa kipeo n+1 ikigawanywa kwa n+1. Wiki iliyofuata alikuja na maswali saba.

Wakufunzi wasaidizi wafundishwe kwa kina zaidi, kwa kuwa wao ndio watakaosimama kwenye semina na maabara. Waongezewe wanafunzi wachache wa mwaka wa tatu wanaolipwa posho ya saa. Katika maabara ya watu 40, msaidizi mmoja hatoshi. Wawili wanawezana nayo, watatu wanafundisha kweli.

Hatua ya 5: Jaribu kwenye kozi moja kwa muhula mmoja

Usianze na kozi ya mwaka wa kwanza inayosomwa na mamia ya wanafunzi kutoka shahada kumi. Anza na kozi ya mwaka wa pili yenye darasa la wastani, na aljebra ya mstari ndiyo ninayoipendekeza, kwa sababu matriksi ya tatu kwa tatu inafundishika ubaoni, ya sita kwa sita haifundishiki, na mwanafunzi anaona mwenyewe kwa nini kompyuta imeletwa. Weka maabara moja ya saa mbili kila wiki mbili. Andika kila lililokwama kwenye daftari moja linalokaa maabarani, si kwenye simu ya mtu.

Hatua ya 6: Panga saa ya kwanza ya maabara kwa uangalifu

Saa ya kwanza isiwe ya kuonyesha maajabu. Iwe ya makosa ambayo mwanafunzi atayafanya kwa hakika, akiyafanya mbele yako. Kwenye Octave mwambie aandike sin(30). Amezoea kwamba jibu ni nusu; atapata -0.9880, kwa kuwa programu inahesabu pembe kwa radiani. Mwache ashangae kidogo kabla ya kumpa sind(30), inayopokea nyuzi. Kisha aandike log(100). Aliyelelewa na majedwali ya hisabati ya sekondari anatarajia 2, naye atapata 4.6052, kwa sababu hapa log ni ile ya asilia, na ya kizio cha 10 huandikwa log10. Kisha aandike 2x kama anavyoandika daftarini, apewe ujumbe wa kosa, ajue kwamba alama ya kuzidisha lazima iandikwe. Mwisho aingize matriksi yenye safu za 1 2 na 3 4, aitafutie kipeo cha pili kwa namna mbili: A^2 itampa 7 10 na 15 22, A.^2 itampa 1 4 na 9 16. Nukta moja tu imebadilisha maana nzima, na ni bora alijue hilo leo kuliko usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi.

Ujumbe wa makosa huja kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi. Tulichapa karatasi moja yenye jumbe kumi zinazojitokeza sana, na mbele ya kila moja maelezo ya Kiswahili: ujumbe huu maana yake umesahau mabano, huu maana yake vipimo vya matriksi zako havilingani. Tuliibandika juu ya kila meza. Wanafunzi waliokuwa wakiinua mkono kila dakika walianza kuisoma kwanza, na wakufunzi wakapata muda wa kuzungumzia hisabati.

Kabla ya saa kwisha, onyesha jambo moja ambalo kompyuta inalikosea. Mlinganyo wa kipeo cha pili, x² − 100000000x + 1 = 0, una majawabu mawili, moja kubwa karibu na 10⁸ na jingine dogo karibu na 10⁻⁸. Waambie watumie ile kanuni waliyoikariri kidato cha pili, kwa kuandika (1e8 - sqrt(1e16 - 4))/2. Watapata takriban 7.45 × 10⁻⁹, ambayo imekosea kwa robo nzima. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Skrini imetulia kana kwamba mambo yote ni sawa. Waulize imekuwaje. Kompyuta huhifadhi tarakimu kama 16 tu za maana, na tunapotoa namba mbili zinazokaribiana sana, tarakimu zilizokuwa sawa hufutana na kinachobaki ni mabaki ya ukadiriaji. Kisha waonyeshe njia: majawabu mawili yakizidishwa hutoa 1, basi gawanya 1 kwa lile kubwa, na jibu sahihi linatokea. Sijawahi kuona somo linalomfanya mwanafunzi aheshimu aljebra ya mkono kuliko hili, na ndiyo sababu nalifundisha siku ya kwanza, kabla hajaanza kuiamini skrini kuliko akili yake.

Hatua ya 7: Tunga upya maswali ya kazi za muhula

Swali la zamani likiachwa kama lilivyo, programu italimeza. Ukisema "tafuta kinyume cha matriksi ifuatayo", utapokea majibu 100 yanayofanana na hutajua nani anaelewa. Swali zuri huiachia kompyuta hesabu na kumwachia mwanafunzi uamuzi na maelezo.

Mfano ninaoupenda ni wa njia ya Newton. Mpe mwanafunzi x³ − 2x + 2 = 0 na umwambie aanzie sifuri. Programu yake itampa 1, kisha 0, kisha 1, kisha 0, bila mwisho. Wengi hudhani wameandika vibaya na huhangaika kurekebisha kisichoharibika. Swali lenyewe ni hili: chora kwa mkono grafu na tanjenti mbili, eleza kwa nini hesabu inazunguka, kisha tafuta mahali pa kuanzia panapofikisha kwenye jawabu na useme kwa nini pamefaa. Alama chache ziende kwenye faili la programu, nyingi kwenye mchoro na maelezo.

Kuhusu kunakiliana, ambako ndiko kila mkutano wa idara unakosimamia, njia rahisi ni kumpa kila mwanafunzi tarakimu zake. Tumia tarakimu mbili za mwisho za namba ya usajili: kama ya mwisho ni d na iliyotangulia ni e, matriksi yake iwe na d+10 na 2 kwenye safu ya kwanza, 3 na e+7 kwenye ya pili. Haiwezi kukosa kinyume, kwa sababu ditaminanti yake haishuki chini ya 64, na wewe unaweza kuandaa majibu yote 100 kwa mistari michache ya programu. Hata hivyo tarakimu tofauti hazizuii faili moja kugeuka desa linalozunguka mabwenini. Kwa hiyo chagua wanafunzi wachache bila mpangilio kila zoezi, kaa na kila mmoja dakika tatu, mwonyeshe mstari mmoja wa faili lake na umuulize kitatokea nini ukibadilishwa. Habari hiyo husambaa upesi kuliko tangazo lolote.

Kwa madarasa makubwa, ambako kusahihisha karatasi 500 kwa mkono kila wiki haiwezekani, ipo STACK. Ni aina ya maswali yanayowekwa ndani ya Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, yaliyoanzishwa na Chris Sangwin nchini Uingereza, yanayotumia Maxima kwa nyuma kukagua jibu. Mwanafunzi haandiki a, b au c. Anaandika usemi wa kialjebra, na mfumo unatambua kuwa (x+1)² na x²+2x+1 ni kitu kimoja, au unakataa la pili kama swali lilitaka jibu lililowekwa kwenye vigawo. Kila mwanafunzi hupata tarakimu zake na maelezo papo hapo kuhusu kosa alilofanya, mradi mtunga swali alilifikiria kosa hilo mapema. Hapo ndipo penye kazi: swali moja zuri la STACK linaweza kumchukua mhadhiri mchana mzima. Lakini likishatungwa linatumika miaka mingi na linaweza kugawanwa kati ya vyuo, na Chuo Kikuu cha Maseno nchini Kenya, kilichoanza kuitumia STACK mwaka 2019, ni jirani anayefaa kuulizwa kabla hujaanza peke yako. Wape wanafunzi zoezi moja lisilo na alama la kujifunza namna ya kuandika majibu. Si haki mtu apoteze alama za kalkulasi kwa kusahau nyota ya kuzidisha.

Katika mtihani wa mwisho, ambao katika vyuo vyetu vingi hubeba alama 60 dhidi ya 40 za kazi za muhula, si lazima kuwe na kompyuta. Chapa kwenye karatasi ya mtihani matokeo ya programu, hata yenye kosa lililofichwa, na umtake mwanafunzi ayasome, ayatafsiri na aseme kama anayaamini. Aliyehudhuria maabara atalitambua kosa.

Hatua ya 8: Liingize jambo hili kwenye maandishi rasmi

Mambo yanayotegemea hisani ya mtu hufa anapohamishwa. Muhula wa majaribio ukimalizika, peleka kwenye bodi ya ndaki au kitivo, na hatimaye Seneti, marekebisho ya maelezo ya kozi yanayotaja stadi yenyewe, saa za maabara na uzito wake katika kazi za muhula. Usitaje jina la programu kwenye mtaala. Andika "programu ya hesabu za tarakimu", ili miaka mitano baadaye idara ikitaka kubadilisha isilazimike kurudia mchakato mzima wa mapitio ya mtaala na ithibati. Saa za maabara zihesabiwe kwenye mzigo wa kazi wa mhadhiri, kwani asipohesabiwa atazifanya mwaka mmoja kwa moyo, mwaka wa pili kwa shingo upande, na wa tatu hatazifanya.

Hapa pia ndipo pa kuwakumbuka wanafunzi wenye ulemavu wa kuona. Faili la amri lililoandikwa kwa maandishi ya kawaida husomeka na programu za kusomea skrini. Grafu iliyobandikwa kama picha bila maelezo haisomeki. Kila zoezi liwe na maelezo ya maneno ya kila mchoro.

Hatua ya 9: Panua kwa kufuata watu

Kozi za kuongeza muhula unaofuata ni zile ambazo wahadhiri wake wameshakaa kwenye vikao vya mlango uliofungwa na wana angalau mazoezi matatu yaliyojaribiwa. Usiongeze kozi kwa sababu tu ipo kwenye ratiba ya utekelezaji. Kila mwisho wa muhula kaeni nusu siku na lile daftari la maabara: maswali gani yalikwama kwa sababu ya mashine, yapi kwa sababu ya lugha ya programu, na yapi kwa sababu hisabati yenyewe haikueleweka. La kwanza ni la TEHAMA, la pili ni la karatasi ya jumbe za makosa, na la tatu ndilo la kumpelekea mhadhiri, kwa maana linamwonyesha mahali pa kufundisha upya.

Mafaili ya mazoezi, majibu yake na toleo la programu lililotumika yawekwe kwenye folda moja kwenye seva ya idara, yakiwa na ukurasa mmoja unaoeleza kila zoezi linakusudia nini na wanafunzi hukwama wapi. Mhadhiri anayeipokea kozi akabidhiwe folda hiyo ana kwa ana na anayeiacha, na wafanye pamoja zoezi la kwanza kwenye mashine ya maabara kabla wanafunzi hawajafungua chuo.